Buni, Samli na Majani ya Chai: Historia ya Kinga Itokayo Kwenye Mimea

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala chandarua. Leo tutasimulia historia, kwa sababu kuna jambo ambalo usipojua lilikotoka, ni rahisi mtu kukudanganya nalo.

Mama mmoja alinionyesha chupa ndogo aliyoinunua kwa mchuuzi aliyepita sokoni. Ili kuipata aliuza mbuzi. Kwenye karatasi ya chupa palikuwa na picha ya majani mabichi na neno refu: antioksidanti. Mchuuzi alimwambia kwamba ni kiini kilichokamuliwa kutoka kwa mimea, na kwamba kitamwongezea mtoto wake damu. Mtoto huyo alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, viganja vimepauka, hana hamu ya kucheza. Nikamwuliza mama, asubuhi mtoto hula nini? "Chai na mandazi." Na mchana? "Ugali kidogo, na chai." Na jioni? Akacheka: "Chai."

Ikumbuke hiyo chai, mama. Tutairudia.

Kwanza tulifungue hilo neno refu. Wewe unajua samli. Ukiiacha wazi mahali penye joto na mwanga, baada ya muda hubadilika, ikawa na harufu kali na ladha ya uchungu. Kilichotokea ni kwamba oksijeni, ile hewa tunayovuta, imeyashambulia mafuta. Shambulio la namna hiyo hutokea hata ndani ya miili yetu, kidogo kidogo, kila siku, na mwili una njia zake za kujilinda. Mmea nao unajilinda. Mti hauwezi kukimbilia kivulini jua linapowaka, basi hujitengenezea vitu vya kuzuia madhara hayo kwenye majani, maganda na matunda yake. Vitu hivyo ndivyo antioksidanti. Mara nyingi ndivyo vinavyoipa chai ukakasi wake, karoti rangi yake, na ganda la tunda uchungu wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanakemia wawili wa Ufaransa, Charles Moureu na Charles Dufraisse, walieleza jinsi kiasi kidogo sana cha vitu fulani kinavyoweza kuzuia oksijeni isiharibu vitu vingine. Ulikuwa ugunduzi mkubwa. Lakini akko wako, kabla hajaweka maziwa kwenye gorfa, alikuwa ameshakifukiza chombo hicho kwa moshi wa kijinga cha mti aliouchagua. Hakuokota kuni yoyote tu. Moshi wa mti una vitu vya jamii ya fenoli, ambavyo huwafanya vijidudu visizaliane haraka na huchelewesha mafuta ya maziwa yasiharibike. Ndiyo maana maziwa ya gorfa iliyofukizwa vizuri hukaa, na yana ladha ambayo maziwa ya mtungi wa plastiki hayana. Akko hakujua neno fenoli. Alijua mti gani unafaa. (Ila mtoto mchanga asiwe karibu unapofukiza, moshi huo huo huumiza macho na mapafu yake.)

Sasa tuje kwenye buni.

Kila Mborana anayesikiliza anajua buna qalla, lakini wako wageni wanaotusikiliza, basi niwaeleze. Buni haikobolewi, huchukuliwa tunda zima lililokaushwa, ganda na yote. Mama huling'ata ncha kwa meno, moja baada ya jingine. Neno qalla ni kuchinja: buni huchinjwa kama mnyama wa sadaka. Kisha hukaangwa kwenye samli mpaka zipasuke kwa mlio na harufu ijae nyumba, halafu maziwa humiminwa. Wazee hubariki, huomba amani, mvua, watoto na mifugo. Kisha buni hutafunwa, maziwa hunywewa, na samli hupakwa mwilini. Hakuna kinachotupwa.

Buni zenyewe hazioti Merti. Zililetwa na wafanyabiashara kutoka nyanda za juu za Ethiopia, ambako mkahawa una asili yake. Kilichokuwa chetu ni samli, maziwa na maarifa ya kuziunganisha.

Ukiitazama buna qalla kwa jicho la mwanakemia, utaona kitu cha ajabu. Kila kitu kizuri kilichomo ndani ya mmea kina kitu kinachokivuta. Vingine hufuata maji, vingine hufuata mafuta. Ndani ya buni kuna antioksidanti nyingi za jamii inayoitwa asidi ya klorojeniki, na hizi hupenda maji zaidi. Harufu na baadhi ya vitu vya rangi hupenda mafuta. Sufuria ya buna qalla ina vyote viwili: samli ya kuvuta hivi, na maziwa, ambayo sehemu kubwa ni maji, ya kuvuta vile. Na kile ambacho hakikuvutwa na samli wala maziwa bado kiko ndani ya buni, nawe unaitafuna. Sisemi kwamba buna qalla ni dawa ya ugonjwa wowote. Haikuwa dawa, ilikuwa sala. Wala kahawa si kinywaji cha mtoto, na mama mjamzito asiizidishe. Ninachosema ni kwamba kazi ya kutoa kiini cha mmea bila sumu na bila mashine ilikuwa ikifanyika kwenye nyumba za Waborana kila buni zilipolilia samli.

Desturi hii iliokoka hata siku mbaya. Wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya watu wa Waso katika vijiji vilivyolindwa na askari, Merti kikiwa kimojawapo na Garba Tulla kingine. Mifugo iliuawa, ikatwaliwa, au ikafa kwa kukosa malisho. Wazee bado wanauita wakati huo Gaf Daba, wakati mambo yaliposimama. Mtafiti Mario Aguilar, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1998 juu ya Waborana wa Waso, ameeleza jinsi buna qalla ilivyopata nafasi kubwa ndani ya nyumba. Naona sababu yake iko wazi: asiye na ng'ombe wa kutoa sadaka anaweza kupata konzi ya buni na kijiko cha samli.

Wazungu nao walikuwa na njia yao, na ilianza vibaya. Mwaka 1906 huko Bremen, Ujerumani, kampuni ya Ludwig Roselius ilianza kuuza kahawa iliyoondolewa kafeini. Waliiondoa kwa benzeni. Benzeni leo inajulikana kuwa husababisha saratani ya damu. Iliachwa, lakini viwanda viliendelea kutumia vimiminika vingine vinavyotokana na petroli, kama heksani, kuvuta mafuta na viini kutoka kwenye mimea. Vinafanya kazi haraka, ila mvuke wake ni hatari kwa mfanyakazi na huchafua hewa.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha daktari mmoja wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi. Mwaka 1928 alikuwa amepata kitu cheupe kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe, lakini kiasi chake kilikuwa kidogo mno. Alikwenda Marekani kukusanya tezi kutoka machinjioni, tezi kwa mamia, na akarudi na gramu chache tu. Kisha mwaka 1932, akiwa mjini Szeged, jioni moja mkewe alimpa pilipili hoho kwenye chakula. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hakuwa na hamu ya kuila, basi akaichukua kwenda nayo maabara. Kufika usiku wa manane alijua kwamba amepata hazina. Kile kitu cha tezi kilikuwa vitamini C, na pilipili hoho, mboga iliyojaa kila bustani ya mji ule, ilikuwa nayo tele. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel. Machinjio yote yale, na jibu lilikuwa kwenye sahani aliyoandaliwa na mkewe.

Katika miaka ya 1960 Mjerumani Kurt Zosel aligundua kwamba kabonidioksidi, ile hewa tunayotoa puani, ikishindiliwa kwa nguvu sana huweza kuvuta kafeini kutoka kwenye kahawa. Ukiachilia shinikizo, inarudi kuwa hewa na kwenda zake, haiachi sumu nyuma. Leo njia hiyo hutumika pia kutoa antioksidanti za majani ya rozimari. Na mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kemia isiyoharibu mazingira. Baadhi yake, kwa maneno yangu: usitumie kimiminika chenye sumu kama maji yanatosha, usipoteze moto bure, zuia taka badala ya kuja kuisafisha. Mama, ni nani Merti asiyejua hayo? Anayebeba kuni kutoka ng'ambo ya Ewaso Nyiro hahitaji kuambiwa asipoteze moto.

Basi, antioksidanti zilipojulikana, watu walizipa sifa kuliko uwezo wake. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alipendekeza kwamba uzee wenyewe unatokana na madhara yale ya oksijeni. Na ikaonekana kweli kwamba watu wanaokula mboga na matunda mengi hupata maradhi kidogo zaidi. Wengi wakasema: basi tutoe kile kiini, tukitie kwenye kidonge, tuwape watu.

Walijaribu. Huko Ufini wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 walishiriki katika utafiti, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na embe. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Zaidi, si pungufu! Utafiti mwingine kama huo nchini Marekani, wenye watu zaidi ya 18,000, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu madhara yalikuwa yale yale. Karoti haijamdhuru mtu. Ni kiini kilichotengwa na karoti, kikapewa kwa wingi usiopatikana kwenye chakula, kwa watu ambao mapafu yao yalikuwa tayari yameumizwa na moshi wa sigara. Kwa hiyo mchuuzi anapokuambia kwamba chupa yake ina nguvu ya vikapu kumi vya mboga, hajakupa sababu ya kununua. Amekupa sababu ya kuogopa.

Turudi kwenye chai sasa.

Chai si ya zamani kwetu. Mche wa kwanza Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya Kericho yalikuja katika miaka ya 1920, na baada ya uhuru, mwaka 1964, shirika la KTDA likawaunganisha wakulima wadogo. Majani ya chai na sukari ni vyepesi kubeba, haviozi, vinauzwa kwa vipimo vidogo hata kwenye duka la mwisho la kijiji. Sasa fikiri juu ya familia iliyotoka Gaf Daba bila ng'ombe, au iliyopoteza mifugo katika ukame wa 1984, au wa 2011, au ule mrefu ulioisha 2023. Maziwa yamepungua. Mtoto analia. Chai yenye sukari na maziwa kijiko kimoja inamnyamazisha, ina joto, ina utamu. Simlaumu mama hata mmoja. Chai ilichukua kiti cha maziwa kwa sababu maziwa hayakuwapo.

Na chai ina antioksidanti kweli, tena nyingi. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyochaguliwa kwa wingi wa vitu hivyo. Kwa mtu mzima mwenye damu ya kutosha, kikombe cha chai hakina ubaya. Shida ni hii: zile fenoli za chai zinazosifiwa ndizo hizo hizo zinazoshikamana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Na chuma ndicho hutengeneza damu.

Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Afrika Kusini waliliandika mwaka 1975. Mwaka 1999 watafiti wengine waliwapa watu wazima mkate pamoja na vinywaji mbalimbali. Waliokunywa chai nyeusi, chuma walichopata kutoka kwenye mkate kilipungua kwa asilimia 79 hadi 94, kikilinganishwa na waliokunywa maji. Najua unachotaka kuuliza: je, nikitia maziwa? Walijaribu hilo pia. Maziwa hayakubadilisha karibu chochote. Chuma cha nyama na maini hakizuiwi sana hivyo, lakini mtoto wa chai na mandazi hapati nyama asubuhi. Kile kidogo kilichomo kwenye unga, chai inakichukua.

Basi utaona jinsi yule mama alivyokuwa amebanwa pande mbili. Aliuza mbuzi akanunua chupa ya antioksidanti ili mtoto apate damu, na antioksidanti za chai zilikuwa mojawapo ya vitu vilivyokuwa vikimzuia mtoto asipate damu. Nilimwambia ampeleke mtoto hospitali, kwa sababu kupauka viganja si jambo la kubahatisha. Malaria na minyoo pia hupunguza damu, na haionekani kwa macho ni kipi. Alipimwa, akapewa dawa ya chuma ya maji na ya minyoo. Chupa ya mchuuzi ilibaki kwenye sanduku. Mama alisema hawezi kuitupa, ni mbuzi yule.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, sembuse chai. Baada ya hapo, mtoto mdogo mpe uji, maziwa, maji safi, matunda. Asizoeshwe chai. Maziwa nayo, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo sana, kwa hiyo yasimjaze mtoto mpaka akakosa nafasi ya chakula. Kipande cha ini kilichopondwa, maharagwe, nyama iliyokatwa ndogo ndogo. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya chuma vya kliniki asivimeze kwa chai; ameze kwa maji, na chai yake aisubirishe angalau saa moja baada ya chakula.

Na ukitaka kutoa kinga ya mmea jikoni kwako, zile sheria mbili za buna qalla zinatosha: kipo kinachofuata maji, na kipo kinachofuata mafuta.

Sukuma wiki ya mashamba yetu ya kando ya mto ina vyote viwili. Vitamini C hufuata maji na huogopa moto, basi osha majani kabla ya kukata, tia maji kidogo, funika, usipike mpaka yageuke rangi ya kahawia. Kifuniko kinaokoa kuni vilevile. Maji yaliyobaki usimwage. Pondea humo ugali wa mtoto. Ile beta-karotini hufuata mafuta. Mwaka 2004 watafiti wa chuo kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwapa watu saladi ile ile, mara na mafuta, mara bila mafuta. Bila mafuta, miili yao haikupata karibu chochote cha beta-karotini. Kijiko cha samli au cha mafuta ya kupikia kinatosha. Kamulia ndimu wakati sufuria imeshaepuliwa. Uchachu wake hukisaidia chuma cha mboga kuingia mwilini, kinyume kabisa cha chai.

Halafu kuna matunda ya porini ambayo tumewaachia watoto wachungaji. Kurkura, ambayo Waswahili huiita kunazi, ina vitamini C. Na kuna deka. Nchini Sudan tunda la deka ni la heshima: huuzwa sokoni, hulowekwa, hutengenezwa kinywaji, na huchanganywa na uji wa mtama kwa akina mama wanaonyonyesha. Hapa kwetu huanguka chini ya kichaka likaliwa na ndege.

Likiiva, lichume bila kuvunja matawi, maana kichaka hicho utakirudia mwakani. Lianike kivulini. Jioni osha konzi mbili, uloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ufunike. Hakuna moto unaohitajika usiku huo. Asubuhi lifikiche kwa mkono safi mpaka maji yawe mazito na yageuke rangi, kisha chuja vizuri, kwa sababu kokwa ni ngumu na zinaweza kumkaba mtoto. Maji hayo tia kwenye uji ulioepuliwa, siku hiyo hiyo, yasilale. Kokwa na makapi wape mbuzi.